Panya Buku na Fundo Moja la Kuchakulo

Niacheni. Nimekaa nachagua mchele, macho yenyewe haya yamebaki nusu, na nyinyi mnanizunguka kama kuku: bibi hadithi, bibi hadithi. Nani kawaambia mimi ni redio? Shule nilikwenda miezi mitatu, nikamjibu mwalimu, nikatolewa, sikurudi. Ninachokijua ni kile kilichoingia masikioni mwangu yalipokuwa bado mazima.

Haya. Nitasimulia, lakini si kwa ajili yenu. Ni kwa ajili ya mama yenu Siwema, aliyerudi leo kutoka gulioni na mapazia saba. Nyumba hii ina madirisha mawili. Siwema, usijifanye unafunika sufuria, nakuona. Kaa chini. Na wewe Mwantumu, nyanyuka, umekalia ungo wangu.

Paukwa!

Pakawa!

Hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Pakawa na vilivyojaa uvunguni, mwenye navyo ainame avitoe.

Zamani, zamani ile ya kale kabisa, nyoka alikuwa haachi gamba lake njiani. Alikuwa analiuza. Wanyama walikuwa na gulio lao bondeni, kila siku ya saba, na gulio lote lilikuwa la mitumba. Kipya hakikuwepo. Nyoka analeta gamba alilolivua. Nungunungu analeta miiba iliyomdondoka. Kwale analeta manyoya laini ya kifuani, yale yanayong'oka msimu ukibadilika. Hata nyumba zilikuwa mitumba. Mhanga, yule mla mchwa mwenye kucha ndefu, anachimba shimo lake, analala siku tatu, anahama, na mwingine anaingia.

Mtumba hauna aibu, nisikieni vizuri. Kitu kimemfaa mwenzio, sasa kinakufaa wewe, hiyo ni akili. Aibu iko kwingine. Tutaifikia.

Na walikuwa na desturi wale. Kabla ya kwenda gulioni, unazunguka kwanza nyumbani kwako. Unaangalia chini, unaangalia juu: nini hakipo? Kwa kila kisichokuwepo unapiga fundo moja kwenye uzi wa katani. Uzi unauvaa shingoni. Ukifika gulioni unanunua, unafungua fundo. Mafundo yakiisha, unageuka unarudi nyumbani, hata kama wauzaji wanakulilia. Na ukiingiza kimoja mlangoni, kimoja kinatoka. Walifanya hivyo wote.

Wote isipokuwa Panya Buku.

Panya Buku alikuwa na vitu viwili vya kujivunia. Cha kwanza, mashavu. Mashavu yake yalikuwa mifuko, unatia mzigo huku na huku, unatembea. Cha pili, mkia. Wakati ule mkia wa Buku ulikuwa umejaa manyoya, mrefu, laini, kama usinga wa mganga. Akipita anaupepea, fwa, fwa, fwa. Wengine wanameza mate.

Uzi wa mafundo hakuuvaa. Alisema unamkwaruza shingo.

"Mimi nanunua kwa macho," alisema. "Macho yangu yanajua."

Macho yake yalijua nini? Yalijua kutamani tu.

Buku alikaa nyumba moja na Kuchakulo, yule kindi wa chini. Shimo la Mhanga, refu. Kuchakulo alikaa chumba cha mbele, Buku chumba cha nyuma. Na nyuma kabisa, baada ya chumba cha Buku, kulikuwa na ujia mwembamba na mlango wa pili. Shimo bila mlango wa nyuma si nyumba. Maji yakiingia mbele, unatokea nyuma. Nyoka akija na njaa yake mbele, unatokea nyuma. Mhanga alipowaachia shimo aliwaambia neno moja tu: "Ule ujia si wa mtu. Uacheni mtupu."

Walisema ndiyo, wote wawili.

Buku akanunua kibuyu kilichopasuka. Akakiweka chumbani. Akanunua miiba ya nungunungu, kifungu kizima. Akaiweka chumbani. Akanunua magamba ya konokono, na pembe ya digidigi isiyo na mwenzake, na gamba la nyoka, na gamba jingine la nyoka kwa sababu la kwanza halionekani lilipo. Chumba kikajaa. Akaweka kitu kimoja kwenye ujia. Kimoja tu, kwa siku mbili. Siku mbili zikawa miaka miwili, na kile kimoja kikazaa wenzake.

Kila akinunua alisema: "Leo sina kazi nacho, kesho kitanifaa."

Siwema, unacheka nini? Subiri.

Basi, masika yakakaribia. Kuchakulo alikuwa na mimba, tumbo linaburuta chini. Hawezi kushuka bondeni, hawezi kupanda. Akamwita mwenzake.

"Dada Buku."

"Abee."

"Siku zangu zimefika. Nimezunguka humu ndani, kila kitu ninacho. Majani makavu ninayo, udongo laini ninao. Kinachonikosesha usingizi ni manyoya ya Kwale. Vitoto vyangu vinazaliwa vipara, na mvua hiyo inakuja. Kwenye majani peke yake vitakufa kwa baridi. Mwaka jana vilikufa, unajua."

"Najua, mdogo wangu."

"Basi nimepiga fundo moja. Moja tu. Nakuomba unichukulie, na korosho hizi hapa umpe Kwale."

Akamvika uzi shingoni. Fundo moja. Buku akazitia korosho shavu la kushoto, ndu! Akapepea mkia, fwa, fwa.

"Hesabu manyoya yameshafika," akasema.

Akashuka bondeni. Alikusudia kweli, sitamsingizia. Mguu wake ulipotoka nyumbani ulikuwa unakwenda kwa Kwale. Lakini kufika kwa Kwale lazima upite kwa Nguchiro.

Nguchiro hakuwa na kitu chake mwenyewe hata kimoja. Aliokota vya watu, akavifuta vumbi, akavimwaga kwenye turubai la jani la mgomba. Na alikuwa na mdomo!

"Chagua, chagua, chagua! Robota limefunguliwa sasa hivi! Shangazi Buku! Shangazi yangu mwenye mkia wake! Pita hapa, usinunue, shika tu!"

"Nina haraka, Nguchiro. Nimetumwa."

"Nani kakuzuia? Shika tu. Kushika ni bure."

Buku akashika. Mmeona hapo? Hapo ndipo alipopotea. Alishika kifuu cha nazi, kina tundu pembeni.

"Cha nini hiki?"

"Shangazi! Cha nini! Hicho ni upawa, ni kikombe, ni kofia. Tundu hilo ni la kutundikia. Kimebaki kimoja."

"Leo sina kazi nacho," akasema Buku, "kesho kitanifaa."

Shavu la kulia, ndu!

Akaona gamba la kobe, kipande. Ndu! Akaona mfupa wa samaki, wa kuchania. Kuchania nini? Hakujiuliza. Ndu! Akaona nusu ya kengele ya mbuzi, haina ulimi, hailii. Ndu! Kila alicholipa alikitoa kwenye korosho, na korosho zilikuwa kushoto, na kushoto kulikuwa kwa Kuchakulo. Nafasi ya korosho ikibaki tupu, kitu cha Nguchiro kinaingia. Toa korosho, tia takataka. Toa korosho, tia takataka. Mpaka mashavu yote mawili yakawa yamebana, tii, ngozi inang'aa.

Ndipo akajikuta mbele ya Kwale.

Kwale alikuwa amekaa na mzigo wake wa manyoya, meupe, laini, ukiyapulizia yanaruka. "Karibu, mama Buku. Manyoya ya uzazi hayo. Nakuona umevaa fundo."

Buku akataka kusema. Mdomo hauwezi, umejaa. Akataka kutoa korosho. Zimebaki mbili tu, hazitoshi. Akataka kutoa kimoja, arudishe. Akafikiri kifuu. Aa, kifuu kina tundu la kutundikia. Akafikiri kengele. Aa. Akasimama pale, jua linampiga utosini, uzi unamkwaruza shingo.

Akageuka akaenda zake. Bila kuaga.

Njiani alijiambia: Kuchakulo ana majani. Majani mengi. Njiani alijiambia: labda mvua itachelewa. Alijiambia mengi, njia ni ndefu.

Kuchakulo alikuwa mlangoni anamngojea, ameshika kiuno.

"Pole na safari, dada. Kwale alikuwepo?"

Buku na mdomo wake umejaa. Akatikisa kichwa.

"Hakuja?"

"Mm-mm."

"Masikini, labda anaumwa. Na wewe mbona mashavu yamevimba hivyo? Nyigu? Au jino?"

Buku akajishika shavu. Macho yako chini.

"Ni jino! Umetembea na jino mpaka bondeni kwa ajili yangu! Ngoja." Na tumbo lake lile, Kuchakulo akaingia ndani akitambaa, akatoka na maji ya mwarobaini ndani ya gamba la konokono. "Sukutua, dada. Chungu, lakini linatuliza."

Wanangu, yule mwanamke atasukutua nini, na kengele ya mbuzi mdomoni? Alipokea yale maji kwa mikono miwili. Akainama, akapita, akaingia chumbani kwake akayamwaga chini, polepole, yasitoe sauti. Uongo ule hakuusema hata kwa neno moja. Lakini masikio yalimwaka moto, na usingizi hakuupata. Alivitoa mashavuni, kimoja kimoja, akavisukuma kwenye ujia, juu ya vingine, mpaka mlango wa nyuma. Chumbani hapakuwa na nafasi.

Korosho zilizobaki zilikuwa mbili. Akazila. Ndiyo, akazila. Alisema akizirudisha ataulizwa.

Siku ya tatu Kuchakulo akajifungua. Vitoto vitatu, vipara, vidogo kama vidole vya mtoto. Akavilaza kwenye majani, akajikunja juu yao. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, mbingu ikafunga. Ngurumo. Kisha mvua.

Mwanzoni ilikuwa chururu, chururu. Kisha ikawa wooo! Maji yakateremka mlimani, yakaukuta mlango wa mbele, yakaingia bila hodi.

"Dada Buku! Maji! Toka nyuma!"

Kuchakulo akakibeba kitoto kimoja mdomoni, akakimbilia nyuma kupitia chumbani kwa Buku. Akajigonga, gubu! Kwenye kitu gani? Pembe ya digidigi. Akaisukuma. Kikaanguka kibuyu. Akakisukuma. Ikaanguka miiba. Ujia umejaa kutoka chini mpaka juu, na kila ukivuta kimoja, viwili vinaporomoka.

"Dada! Nini hiki? Ujia uko wapi?"

Buku hakujibu. Safari hii mdomo ulikuwa mtupu, na bado hakujibu. Alivuta. Alivuta kwa meno na kucha, na vingine alivyovivuta hakukumbuka hata kuvinunua. Maji yakafika miguuni. Yakafika tumboni. Kuchakulo alirudi akachukua kitoto cha pili, akarudi akachukua cha tatu, akavishikilia juu ya kichwa, juu, karibu na dari, na yeye mwenyewe anatetemeka mpaka meno yanalia.

Nungunungu, jirani, alikuwa kwenye shimo lake la juu. Akasikia kelele chini ya ardhi. Akatoka kwenye mvua, mbio kwa Mhanga.

"Babu Mhanga! Nyumba yako ya zamani inaua watu!"

Mhanga akaja. Mzee yule mdomo mrefu, haongei sana. Akasikiliza ardhi. Akaanza. Fuku, fuku, fuku! Udongo unaruka. Fuku, fuku, fuku! Akachimba pale mlango wa nyuma ulipokuwa, na kucha zake zikagonga, ko! Akavuta. Kifuu cha nazi. Akachimba. Ko! Gamba la kobe. Akachimba, akavuta, akachimba, akavuta, na kila kitu akakirusha nyuma yake bila kukitazama.

Wakatoka hai. Kuchakulo na vitoto vitatu, na Buku wa mwisho, amelowa, amejaa matope.

Mvua ikakatika. Jua la alasiri likatoka, kali, la kuonyesha kila kitu. Na nje pale, wanangu, palikuwa na kilima. Vitu vya Buku. Na wanyama wakaja kama wanavyokuja watu kwenye ajali. Nyoka akaja. Kwale akaja. Nguchiro akaja, akasimama nyuma ya wengine.

Nyoka akasema, "Hili si gamba langu la mwaka juzi? Na hili la mwaka jana? Na hili? Shoga, umeninunua mara tano. Mbona sijakuona umenivaa hata siku moja?"

Watu wakacheka.

Nungunungu akaokota kile kifuu. Akakigeuza. "Subirini. Hiki si chako, mama Buku? Hapa pana alama ya jino lako. Kilikudondoka mlangoni kwangu kiangazi, hukurudi kukitafuta, mimi nikampa Nguchiro. Umekinunua tena?"

Hapo walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nguchiro alishaondoka.

Buku alitamani ardhi impasukie. Lakini ardhi ilikuwa imeshapasuka, na ndiyo iliyomtoa.

Kwale hakucheka. Alikuwa anamtazama Kuchakulo na vitoto vyake vinavyotetemeka. "Kuchakulo, umezalia kwenye majani matupu? Mbona hukutuma mtu anunue manyoya?"

"Nilituma. Lakini wewe hukuja gulioni. Tukasema unaumwa."

"Mimi? Siku ile nilikaa gulioni tangu asubuhi mpaka jua linazama! Mzigo wangu wote nilirudi nao, nikaumwaga njiani, upepo ukaubeba. Huyu hapa alikuja akasimama mbele yangu, na fundo shingoni, na mashavu kama maboga. Akaniangalia, akaondoka."

Kicheko kikafa. Wakasikia majani yanavyodondosha maji, to, to, to.

Kuchakulo akageuza shingo, polepole. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema, "Dada. Lile jino limepona?"

Buku akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa matope.

Mhanga naye alikuwa bado amechutama shimoni, anamalizia kusafisha. Akavuta kitu cha mwisho, cha chini kabisa, kilichokandamizwa na vyote. Kifurushi. Akakiweka kwenye jua. Kwale akakifungua kwa mdomo.

Manyoya. Manyoya ya Kwale ya kifuani, kifurushi kizima, yamefungwa kwa fundo ambalo Kwale hulifunga mwenyewe. Meusi sasa. Yameoza, yananuka ukungu, yanashikana kama uji uliolala.

"Haya nilikuuzia mimi," alisema Kwale. "Mwaka juzi. Nikakuuliza una mtoto? Ukasema sina, kesho yatanifaa."

Mwaka juzi. Maana yake yalikuwemo ndani ya nyumba ile vitoto vya mwaka jana vilipokufa. Yalikuwemo ndani wakati Kuchakulo anapiga fundo. Hatua sita kutoka kitandani kwake. Na Buku hakujua. Naapa hakujua. Ukiwa na vingi hivyo, hujui tena una nini.

Kitoto kimoja kikaacha kulia. Si kwa kutulia, kwa baridi.

Mhanga akakitazama kile kilima, kisha akamtazama Buku. "Vyote hivi," akasema, "na hakuna kimoja chenye joto."

Hakuna aliyemwambia afanye. Hakuna aliyemgusa. Buku aliuvuta mkia wake mbele, ule mkia wake, akautia mdomoni. Nyofo! Akang'oa. Akalaza yale manyoya kwenye jani kavu mbele ya Kuchakulo. Nyofo! Akang'oa tena. Nyofo! Nyofo! Machozi yanamtoka, damu inamtoka, wote wanamtazama na hakuna anayesema pole. Aling'oa kuanzia shinani mpaka nchani, na nchani aling'oa na ngozi.

Kuchakulo aliyapokea. Hakusema asante, na mimi nisingesema. Alivifunika vitoto vyake. Viwili vikapata joto haraka. Kile cha tatu kilichelewa, na kilikohoa mpaka kiangazi, na kila kilipokohoa Buku alisikia.

Vile vitu, wanyama walizunguka, kila mmoja akachukua kilichokosekana nyumbani kwake, kimoja tu. Vilivyobaki vilifukiwa. Kengele ya mbuzi hakuna aliyeitaka hata kwa bure.

Buku bado anakwenda gulioni, na anavaa uzi, na anageuka mafundo yakiisha. Nguchiro anamwita shangazi, shangazi, shika tu. Hashiki.

Maneno yangu ni haya, sitayazungusha. Mtumba nunua. Lakini angalia nyumbani kwako kwanza, ujue kipi hakipo, ununue hicho, urudi. Na kimoja kikiingia, kimoja kitoke. Usichokuwa na kazi nacho kinakaa mahali pa kitu ambacho mwenzio anakihitaji, na siku moja utatolewa navyo juani.

Siwema, mapazia matano kesho yaende kwa wenye madirisha. Na mimi sitakunyooshea kidole sana, maana uvunguni kwangu kuna vikombe tisa visivyo na mikono. Mwantumu, utainama uvitoe, mgongo wangu hauinami.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkiani. Mtazameni panya buku akikatiza: mashavu anayo bado, lakini mkia ni kipara mpaka leo, na nchani una kovu jeupe, pale alipong'oa na ngozi. Manyoya hayakuota tena. Ndiyo malipo yake hayo.